Nakala ya Tatu

Katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, palikuwa na chumba kimoja kilichonuka ndizi mbivu mwaka mzima. Humo Thomas Hunt Morgan na wanafunzi wake walifuga nzi wa matunda ndani ya chupa za maziwa, wakiwachungulia mmoja mmoja kumtafuta yeyote aliyezaliwa tofauti na wenzake. Mwaka 1914 Sabra Tice alichapisha taarifa ya nzi mwenye macho ya ajabu. Jicho la nzi wa kawaida ni la mviringo, limeundwa kwa vijicho karibu 780. La huyu lilikuwa ufito mwembamba tu, na majike waliorithi hali hiyo kwa baba na kwa mama walibaki na vijicho takribani 70. Hali hiyo ikapewa jina la Bar.

Mtu akiona jicho limepungua, haraka atasema kuna kitu kimepotea katika urithi. Lakini nzi hawa walikuwa na tabia iliyowasumbua wataalamu. Mara moja moja, katika vizazi vyao, alizaliwa nzi mwenye jicho zima kabisa, na mwingine akazaliwa na jicho jembamba zaidi kuliko la wazazi wake. Kitu kilichopotea hakirudi chenyewe namna hiyo.

Mwaka 1925 Alfred Sturtevant, aliyekuwa ameingia katika chumba kile angali mwanafunzi, alitoa maelezo ambayo mpaka leo ndiyo msingi wa habari hii yote. Kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba urithi ndani ya seli, huenda kwa jozi, moja ya baba na moja ya mama. Kabla ya mbegu au yai kutengenezwa, mbili hizo hulala sambamba na kubadilishana vipande. Zikilala sawasawa, kila moja hupokea kiasi kilekile ilichotoa. Lakini mtu akifunga shati kwa kuanzia tundu lisilo lake, huku chini upande mmoja hubaki umezidi na wa pili umepungua. Ndivyo ilivyokuwa kwa nzi wa Bar, alisema Sturtevant: kromosomu zililala vibaya, moja ikaondoka na kipande mara mbili, nyingine ikaondoka bila kitu.

Ushahidi wa macho ulipatikana mwaka 1936. Calvin Bridges, ambaye wakati huo alikuwa California, alichukua tezi za mate za mabuu wa nzi, kwa sababu kromosomu za tezi hizo ni nene mno na zina michirizi myeusi na myeupe inayosomeka kwa hadubini. Kwenye nzi wa Bar, mpangilio uleule wa michirizi ulijitokeza mara mbili mfululizo. Kwenye wale wa jicho jembamba zaidi, ulijitokeza mara tatu. Mwaka huohuo Hermann Muller na wenzake wa Moscow walifikia jambo hilohilo kwa njia yao. Kumbe hakuna kilichopotea. Kilichozidi ndicho kilichopunguza jicho.

Nimewatanguliza wadudu kwa makusudi. Watu wa nzi walikuwa na jibu hilo mkononi mwaka 1936, na madaktari wa watoto walilifikia zaidi ya miaka ishirini baadaye. Sehemu ya sababu ni vifaa. Sehemu nyingine, kwa maoni yangu, ni mazoea ya kufikiri: daktari akiletewa mtoto asiyekua, asiyeongea au asiyekaa, swali la kwanza kichwani mwake ni mtoto huyu amekosa nini.

Kwa binadamu, hata hesabu ya kromosomu ilikuwa bado haijakaa sawa. Theophilus Painter wa Texas alitangaza mwaka 1923 kwamba tuna 48, na kwa zaidi ya miaka thelathini kila aliyehesabu alipata 48, kwa kuwa alishaambiwa ni 48. Aliyeivunja hesabu hiyo ni Joe Hin Tjio, mzaliwa wa kisiwa cha Java aliyewahi kufungwa na Wajapani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Akiwa katika maabara ya Albert Levan huko Lund, Sweden, usiku wa tarehe 22 Desemba 1955, aliona 46. Akahesabu tena, zikawa 46. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1956, na ghafla maabara za Ulaya nzima zikataka kuhesabu.

Paris, katika hospitali ya watoto ya Trousseau, Profesa Raymond Turpin alikuwa na swali la muda mrefu kuhusu watoto ambao John Langdon Down wa Uingereza aliwaeleza mwaka 1866: wenye sura zinazofanana, misuli legevu, kimo kifupi, wanaochelewa kutembea na kusema. Turpin alishuku kromosomu. Kazi ya kukuza seli hakuna aliyeiweza pale isipokuwa daktari kijana, Marthe Gautier, aliyekuwa amerudi kutoka Boston ambako alijifunza ufundi huo. Alipewa chumba kitupu. Vyombo vya kioo alivinunua kwa fedha alizokopa mwenyewe. Seramu ya kulishia seli aliitoa katika damu yake, na plazima aliichota kwa jogoo aliyemfuga hapohapo hospitalini. Kwanza alikuza seli za watoto wasio na tatizo, akapata 46. Mwezi Mei 1958, seli za mtoto mwenye hali ile zilionyesha 47.

Gautier hakuwa na hadubini ya kupigia picha. Mtafiti mwenzake, Jérôme Lejeune, alizichukua zile slaidi ili zikapigwe picha mahali pengine. Taarifa ilipotoka Januari 1959, jina la kwanza lilikuwa Lejeune, na la Gautier lilikuwa la pili tena limeandikwa kwa makosa. Lejeune alipata sifa za dunia. Gautier alirudi kwenye magonjwa ya moyo ya watoto, akakaa kimya kwa miongo kadhaa. Mwaka 2014 alialikwa Bordeaux, akiwa na umri wa miaka 88, kuwasimulia wanajenetiki wa Ufaransa jinsi ilivyokuwa. Taasisi yenye jina la Lejeune ilileta maofisa wa mahakama warekodi maneno yake, na waandaaji, kwa kuogopa kesi, wakaifuta hotuba. Medali yake alikabidhiwa faraghani. Alifariki mwaka 2022. Mabishano ya nani aliona nini kwanza yameandikwa kurasa nyingi. Mimi naona jogoo yule na ile damu ya mkono wake vinatosha kueleza kazi ilifanywa na nani.

Ugunduzi wa Paris uliwapa madaktari ushahidi wa kwanza kwamba mtoto anaweza kuumia kwa kupewa zaidi. Kromosomu ya 21 ya ziada haina kasoro yoyote ndani yake. Ni nzima, ni salama, ila ni ya tatu. Mwaka 1960 kundi la John Edwards nchini Uingereza lilieleza watoto wenye kromosomu ya 18 mara tatu, na Klaus Patau, huko Wisconsin, wale wenye ya 13 mara tatu. Wengi wao hawamalizi mwaka wa kwanza. Kromosomu nyingine kubwa karibu zote, zikiwa tatu katika kila seli, mimba haifiki mwisho.

Sasa fikiria si kromosomu nzima iliyozidi bali kipande tu. Kwa vifaa vya wakati ule, hakikuonekana. Kromosomu zilikuwa vijiti vya rangi moja, na kijiti kilichorefuka kidogo hakimshtui mtu. Mambo yalibadilika Torbjörn Caspersson na Lore Zech wa Stockholm walipopaka kromosomu dawa ya kwinakrini na kuziona zikitoa mistari ya mwanga, kila moja na mistari yake. Mwaka 1971, katika mji wa Salisbury, Uingereza, Marina Seabright alionyesha kwamba kimeng'enya cha tripsini kinaleta mistari hiyo kwa dakika chache na gharama ndogo. Tayari mwaka 1970 Marie-Odile Rethoré wa Paris, aliyekuwa akifanya kazi na Lejeune, alikuwa ameeleza watoto wenye mkono mfupi wa kromosomu ya 9 mara tatu: wafupi, wenye vidole vifupi na pua kubwa, wanaochelewa kusema.

Katika familia nyingi za namna hiyo, mzazi mmoja alikutwa na kipande kilichohama kutoka kromosomu moja hadi nyingine. Yeye mwenyewe ana kila kitu kwa kiasi chake, kwa hiyo ni mzima. Mwanawe akarithi kipande kilichohamia bila pengo kilikotoka. Kwa familia hizo hilo lilikuwa jambo kubwa, maana mimba zilizoharibika na watoto waliozaliwa na shida vilipata maelezo mengine tofauti na yale ya majirani.

Hata hivyo mistari ina mipaka yake. Ili kipande kionekane kwa hadubini kinapaswa kuwa na herufi za DNA milioni kadhaa. Hapo ndipo tunafika Houston, Texas, na daktari aliyekuwa na sababu zake binafsi za kutafuta.

James Lupski wa Chuo cha Tiba cha Baylor alizaliwa na ugonjwa wa neva ulioelezwa mwaka 1886 na Jean-Martin Charcot na Pierre Marie huko Ufaransa, na Howard Tooth huko Uingereza. Mtoto huanza kujikwaa. Unyayo hukunjamana ukawa na upinde mkubwa, misuli ya miguu hunywea chini ya goti, na kadiri miaka inavyokwenda vidole vya mikono navyo hulegea. Lupski alifanyiwa upasuaji wa miguu akiwa kijana. Kila mtu aliyetafuta chanzo cha ugonjwa huu alikuwa akitafuta jeni iliyoharibika. Mwaka 1991 kundi lake, na kundi la Christine Van Broeckhoven la Antwerp, Ubelgiji, yalikuta kitu tofauti: kipande cha kromosomu ya 17 chenye herufi kama milioni 1.5 kilichojirudia. Ndani yake imo jeni iitwayo PMP22, inayotengeneza protini ya ala ya neva. Jeni hiyo ilikuwa nzima. Zilikuwa tatu badala ya mbili, basi.

Zipo pande za kromosomu zilizo na mfuatano unaofanana mno mwanzoni na mwishoni, na hapo ndipo kromosomu mbili zinapodanganyika zikalala vibaya. Ni maelezo yaleyale ya Sturtevant, sasa ndani ya mwili wa binadamu. Na kama ni kweli, lazima kila ziada iwe na pacha wake mpungufu mahali fulani duniani. Mwaka 1993 pacha huyo alipatikana: watu wenye nakala moja tu ya kipande hicho, ambao neva zao hufa ganzi kwa kubanwa kidogo, kwa mfano mtu akikaa amekunja miguu muda mrefu. Lupski mwenyewe, mwaka 2010, aliposomewa DNA yake yote, alikuta kwamba ugonjwa wake unatokana na jeni nyingine kabisa, SH3TC2, iliyoharibika kwa njia ya kawaida. Alikuwa amegundua chanzo cha ugonjwa wa wenzake.

Baada ya hapo kazi iligeuka. Badala ya kukutana na ziada kwa bahati, watu walianza kuitabiri. Jirani kidogo na PMP22, kwenye kromosomu hiyohiyo ya 17, kuna sehemu ambayo ikikosekana huleta hali iliyoelezwa miaka ya 1980 na Ann Smith na Ellen Magenis: watoto wenye akili nzito, hasira, na usingizi uliogeuzwa, mchana wanasinzia na usiku wako macho. Kama kuna watoto waliopungukiwa sehemu hiyo, hesabu inasema wapo walioipata mara mbili kwenye kromosomu moja. Kwa nini hawakuwa wamejulikana?

Mbinu ya vipimo ilikuwa na upofu wake. Maabara zilikuwa zikitumia kipande cha DNA chenye rangi ing'aayo, kinachojibandika kwenye sehemu yake ya kromosomu. Mtu mwenye sehemu zote ana nukta mbili. Aliyepungukiwa ana nukta moja, na hata fundi aliyechoka ataona. Lakini aliyezidishiwa ana nukta mbili zilizobanana kando ya nyingine moja, na mara nyingi zile zilizobanana huonekana kama nukta moja nene. Mpaka utafute seli iliyo katika wakati wake, utulize jicho, na uwe tayari kuamini. Mwaka 2000 Lorraine Potocki, Lupski na wenzao walieleza wagonjwa saba waliokuwa na ziada hiyo, na hali ikaitwa kwa majina yao. Watoto wa Potocki-Lupski huzaliwa wakiwa na uzito wa kawaida au karibu, kisha matatizo yanaanza kwenye kunyonya. Misuli ni legevu, kumeza kunawapa shida, uzito hauongezeki. Baadaye huja kuchelewa kusema, dalili za usonji, wakati mwingine moyo wenye hitilafu na pumzi inayokatika usingizini.

Mfano unaonivutia kuliko yote ni wa kromosomu ya 7. Mwaka 1961 J. C. P. Williams, daktari wa Auckland, New Zealand, alieleza watoto wenye mshipa mkuu wa moyo uliobana na sura za kufanana. Watoto hao, licha ya akili nzito, ni wachangamfu kupita kiasi, humkimbilia mgeni kama wanamjua tangu jana, na maneno hayawaishi. Baadaye ikajulikana wamepungukiwa kipande chenye jeni zaidi ya ishirini. Mwaka 2005 kundi alilokuwamo Lucy Osborne wa Toronto lilichapisha habari ya mtoto mwenye kipande kilekile cha ziada. Tatizo lake kubwa lilikuwa kusema: maneno hayakutoka. Watoto wengine walipopatikana, wengi walikuwa na woga, hasa woga wa kuachwa na mama. Hata mshipa umegeuka. Kwa wale wa Williams umebana. Kwa baadhi ya hawa umetanuka. Jeni zilezile chache, nakala moja wakazungumza bila kikomo na kumpenda kila mtu, nakala tatu wakanyamaza na kujawa woga. Wanasayansi wa lugha na tabia hawajapewa jaribio safi zaidi ya hilo.

Teknolojia ya vipimo vya chipu, iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1990, ilimaliza tatizo la nukta zilizobanana. Chipu haitazami umbo, inapima kiasi. Kuanzia mwaka 2004 ikawa wazi kwamba hata watu wenye afya njema wana vipande vingi vilivyozidi na kupungua, na ugumu ukawa kujua kipi kina madhara. Mwaka 2011 Sébastien Jacquemont, Alexandre Reymond na wenzao, kutoka Lausanne, Uswisi, walichambua data za watu zaidi ya 95,000 kuhusu sehemu moja ya kromosomu ya 16. Ilikwisha kujulikana kwamba kupungukiwa sehemu hiyo huleta unene mkubwa. Wao walionyesha kwamba kuzidishiwa sehemu hiyo huleta wembamba: nusu ya wavulana wa chini ya miaka mitano wenye ziada hiyo walikuwa na uzito pungufu, na kwa watu wazima uwezekano wa kuwa na uzito pungufu ulipanda mara 8.3. Kichwa nacho huelekea kuwa kidogo, ilhali kwa waliopungukiwa huelekea kuwa kikubwa.

Kila mama wa Afrika Mashariki anaijua kadi ya kliniki na ule mstari unaopaswa kupanda. Mstari ukilala, maswali huelekezwa jikoni: unamlisha nini, mara ngapi kwa siku? Mara nyingi ni maswali sahihi, kwa kuwa njaa na maradhi ya tumbo ndivyo vinavyodumaza watoto wengi. Ila wapo wachache ambao uji wa lishe hautaunyanyua mstari wao, na lawama anayotupiwa mama yao haina msingi.

Ziada haipunguzi kimo siku zote. Mwaka 2014 Giampaolo Trivellin na wenzake walieleza watoto wanaoanza kurefuka kupita kiasi hata kabla ya kutimiza mwaka mmoja, kwa sababu ya kipande kilichojirudia kwenye kromosomu ya X chenye jeni iitwayo GPR101. Hapa shida ilikuja kueleweka kuwa ni ya mpaka: kipande cha ziada kinabomoa ukuta kati ya jeni hiyo na maeneo ya DNA yanayowasha jeni nyingine, nayo inawashwa mahali isipopaswa, kwenye tezi ya ubongo inayotoa homoni ya kukua. Huko Mons, Ubelgiji, kuna mifupa ya Julius Koch, Mjerumani aliyezunguka Ulaya kwa jina la Jitu Konstantino na kufariki mwaka 1902 baada ya miguu yake kuoza na kukatwa. Kimo chake kinakadiriwa kuwa karibu mita 2.59. DNA iliyopatikana katika mabaki yake, taarifa ya mwaka 2017 ilisema, ina dalili za GPR101 iliyozidi.

Na sasa tiba. Andreas Rett wa Vienna alieleza mwaka 1966 wasichana wanaokua vizuri kwa miezi kadhaa, halafu wanapoteza maneno na kuanza kusugua viganja bila kukoma. Chanzo, jeni ya MECP2 iliyoharibika, kilipatikana mwaka 1999 katika maabara ya Huda Zoghbi, mzaliwa wa Beirut aliyekimbilia Marekani kwa ajili ya vita vya Lebanon. Wazo la kwanza la tiba lilikuwa jepesi: waongezewe jeni nzima. Mwaka 2004 maabara hiyo ilitengeneza panya wenye protini ya jeni hiyo mara mbili. Mwanzoni walionekana werevu kuliko wenzao. Baada ya majuma kadhaa wakaanza kupata kifafa. Mwaka uliofuata Hilde Van Esch wa Leuven alieleza wavulana wenye MECP2 mara mbili: misuli legevu tangu kuzaliwa, hawasemi au husema maneno machache, kifafa, na nimonia za kila mara ambazo huwaua wengi wao wakiwa bado vijana. Mama zao mara nyingi ni wazima, kwa sababu mwili wao hunyamazisha ile kromosomu ya X yenye jeni ya ziada.

Ziada ina nafuu moja ambayo upungufu hauna: kilichopo kinaweza kupunguzwa. Mwaka 2015 Yehezkel Sztainberg, katika maabara hiyohiyo ya Zoghbi, aliwatia panya wakubwa wenye ziada, ndani ya majimaji ya ubongo, vipande vifupi vinavyoshika ujumbe wa jeni kabla haujawa protini. Kifafa kilikoma na tabia zikarudi karibu na kawaida, ingawa walikuwa wamekwisha kuugua. Lakini kwa binadamu dozi ikizidi, mvulana atatolewa kwenye ugonjwa wake na kutiwa kwenye ule wa wasichana wa Vienna. Kwa hiyo timu ilirudi kwenye seli za wagonjwa wenyewe, zilizokuzwa maabarani, ikaongeza dawa kidogokidogo, na protini ikashuka kwa kiasi kinachofuata dozi.